Permelia Stroud na Neno Amani

Nyumba ya Permelia Stroud iliungua kiangazi cha vita, na kwa miaka mingi baada ya hapo hakuruhusiwa hata kuzoa majivu yake.

Kabla ya moto alikuwa mke wa mfuga farasi na hakuwa na neno na mtu. Mumewe, Orrin, alikuwa mrefu, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya kijito, na harusi haikunoga uwandani mpaka aje na fidla yake. Walikuwa wametoka Missouri kwa gari la maksai, wao wawili na Jubal Teague, mdogo wake Permelia, wakaweka boma Kijito cha Mierebi, huku juu Idaho, kwenye uwanda ambako theluji huondoka kwa kusukumwa. Farasi wao walinunuliwa na jeshi kule Boise. Walifuga na nguruwe, kama majirani wote, na nguruwe wakaachiwa uwandani wajitafutie.

Uwanda huo ulikuwa na mizizi minono, yenye kuchanua maua ya samawati kila mwanzo wa kiangazi, na Wabannock, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, walikuwa wakija kuichimba tangu enzi za mababu zao. Mkataba wao na Serikali ulisema waendelee. Lakini nguruwe hasomi mkataba, na wenye nguruwe hawakuusoma pia. Mwaka wa 1878 Wabannock, ambao njaa ilikuwa imewakaba huko walikotengewa kukaa, walifika na vijiti vyao vya kuchimbia wakakuta uwanda umefukuliwa kama shamba lililolimwa na mwehu. Risasi za kwanza zililia siku chache baadaye.

Akina Stroud walikimbilia ngomeni Boise na nguo walizovaa. Jubal hakukaa ngomeni. Alijiandikisha na vijana wa kujitolea, akapanda farasi kwa mbwembwe, akamwambia dada yake, "Usinililie, Melia, nitarudi kabla hujamaliza kunisema." Alirudishwa juu ya gari, amefunikwa turubai. Permelia mwenyewe ndiye aliyechonga ubao wa kaburi lake, kwa kisu cha jikoni: JUBAL TEAGUE, ALIUAWA VITANI.

Waliporudi Kijito cha Mierebi, farasi hawakuwepo hata mmoja. Nyumba ilikuwa bomba la moshi na boriti nyeusi zilizolaliana.

Wakili Haverty alifika kabla ya baridi. Alikuwa mtu wa koti jeusi na sauti tamu, sauti ambayo mtu akiisikia hujikuta ameshasogeza kiti.

"Poleni sana, ndugu zangu," alisema akiwa amevua kofia mbele ya magofu. "Lakini msilie kama watu wasio na mwenyewe. Wabannock wako chini ya mkataba na Serikali. Mtoto akivunja dirisha la jirani, nani hulipa?"

"Baba yake," Orrin akasema.

"Baba yake! Basi Washington atalipa. Ila sikilizeni: msiguse kitu hapa. Mkaguzi atakuja. Akikuta nyumba mpya imesimama, ataandika kwamba hamkupata hasara."

"Na sisi tulale wapi, bwana?" Permelia akauliza. "Juu ya ushahidi?"

Wanaume wakacheka. Orrin akatia sahihi. Karatasi ile ilisema Haverty ndiye msimamizi wa dai hadi mwisho wake, kwamba halifutwi pasipo idhini yake, na kwamba ardhi ya Stroud haiuzwi mpaka gharama zake zilipwe. Orrin aliisikiliza ikisomwa kama mtu anavyosikiliza sala ya kabla ya chakula. Kisha akachimba handaki ubavuni mwa kilima, akaliwekea mlango wa mbao na paa la magogo na udongo. "Kwa baridi hii tu, Melia," alisema.

Baridi ile ikapita, ikaja nyingine. Mkaguzi alikuja kweli, akapima bomba la moshi kwa kamba, akanywa kahawa, akaenda zake. Makaratasi yakapanda treni kwenda Washington, na huko yakatulia. Kila theluji ilipoyeyuka, matope yalidondoka kutoka paani hadi kwenye sufuria ya maharage, na Permelia akayaopoa kwa kijiko bila kusema neno, yeye ambaye zamani alikuwa na la kusema kwa kila kitu.

Si kwamba hakujaribu.

"Orrin, tubomoe tujenge. Miti ipo mlimani. Mikono unayo."

"Haverty anasema mwaka huu, Melia. Kabla ya theluji."

"Haverty alisema hivyo wakati pengo hili lingali na jino."

"Tukijenga, tumelitupa dai."

"Na tusipojenga?"

Hapo Orrin alichukua kofia akatoka. Kubadilika kwake ndiko kulikomtisha Permelia kuliko baridi. Mtu aliyekuwa akinunua farasi kwa kumtazama tu masikio, sasa hakuweza kununua ndama bila kuuliza ingeonekanaje kwenye dai. Asa Lindley, jirani yao wa karibu, alitaka kununua malisho ya kandokando ya kijito. Haikuwezekana, karatasi ilikataza. Dada mkubwa wa Permelia, aliyekuwa na bustani ya matufaha Oregon, aliwaita waende wakaanze upya. Haikuwezekana, dai halina miguu. Fidla ilipasuka kwa unyevu wa handaki na Orrin akasema atanunua nyingine siku ile dai litakapolipwa. Mambo yote yalikuwa ya siku ile.

Mwaka wa 1891 Bunge lilipitisha sheria. Madai ya namna hii yangesikilizwa sasa na Mahakama ya Madai huko Washington, na wenye kushinda wangelipwa. Orrin alicheka kicheko chake cha zamani, nusu yake tu, kwa maana nusu nyingine ilimgeukia kikohozi. Baridi haikuisha kabla ya homa ya mapafu kumlaza kwenye kitanda cha magogo, kichwa chake kikigusa ukuta wa udongo.

"Usiliache, Melia," alimwambia.

"Pumzika."

"Ukiliacha, mimi nitakuwa nimekaa humu shimoni bure. Niambie hutaliacha."

Mke angesema nini? Akamwahidi. Orrin akafa asubuhi, na majirani wakachimba kaburi kwa sururu kwa sababu ardhi ilikuwa imeganda kama chuma. Permelia akarudi handakini akiwa mrithi wa kitu kimoja tu, na kitu hicho hakikuwa chake.

Masika yalipofika Haverty aliita mkutano nyumbani kwa Lindley. Nusu ya wakazi wa uwanda ule walikuwa na madai kama lao, na wote walikuwa wateja wake. Mke wa Asa, Dorcas, mwanamke mwema mwenye mikono minene, aliyemsaidia Permelia kumwosha Orrin, aligawa pai ya tufaha. Haverty alikula kipande chake, akapangusa masharubu.

"Sheria ni nzuri," alisema. "Ina neno moja tu la kuangalia. Mahakama ya Madai imepewa mamlaka juu ya mali iliyochukuliwa na kabila lililokuwa na amani na Serikali. Amani. Pasipo amani, hakuna mahakama."

Watu wakatazamana. Nje mbwa walikuwa wakigombania mfupa.

"Wakili," Permelia akasema, "nyumba yangu ilichomwa kwenye vita."

"Ilichomwa na wezi wachache, Bi Stroud. Vijana wakorofi. Kabila lenyewe lilikuwa na mkataba wa amani, na mkataba huo haujafutwa hadi leo."

"Kulikuwa na majenerali. Kulikuwa na mizinga."

"Polisi nao hubeba bunduki wakifuata wezi."

"Kwa hiyo unataka niape kwamba kulikuwa na amani."

"Nataka useme ukweli kwa namna iliyonyooka."

"Na Jubal?"

Haverty aliweka sahani chini taratibu. "Jubal tusimtaje."

Permelia aliwatazama wengine. Asa alikuwa akichunguza miguu ya meza. Dorcas akamshika bega. "Mwenzangu, Jubal amepumzika. Hadhuriki na neno. Sisi ndio tuliobaki na watoto na paa zinazovuja. Wewe ndiye wa kwanza kuitwa. Ukiteleza, umetuangusha wote."

Hivyo ndivyo alivyojikuta kati ya maiti wawili. Mmoja yeye mwenyewe alikuwa amemwahidi kwamba hataliacha dai. Mwingine ilimbidi amfukue na kumzika upya kama mtu aliyekufa kwa bahati mbaya, mahali pasipo na vita.

Kiangazi kilipofika na maua ya samawati kuchanua, yale machache yaliyosalia, alikuja Annie. Hilo ndilo jina ambalo watu wa uwandani walimpa. Lake hasa hakuwahi kuwaambia. Alikuwa mama wa Kibannock wa makamo, na kila mwaka aliomba ruhusa huko kambini kwao, walikotengewa kukaa, akaja na kijiti chake na glavu za ngozi ya paa za kuuza. Permelia alimpa kahawa, wakakaa mlangoni pa handaki.

"Kumbe mmetushtaki," Annie alisema, akipuliza kahawa yake.

"Tumeishtaki Serikali."

"Karatasi inaanza na jina letu. Mkishinda, pesa inakatwa kwanza kwenye mgao wetu. Unga. Blanketi. Karani wa kambini ndiye aliyeniambia. Alikuwa akicheka."

Permelia hakujua hilo. Haverty hakulitaja, au labda alilitaja kwa sauti ile tamu, likapita. Akajishughulisha kujaribu glavu.

"Yule nguruwe mkubwa," Annie akasema, "mwenye doa jeupe mgongoni, wa mwaka ule. Alikuwa wenu?"

"Wetu. Orrin alimwita Seneta."

"Nilimtupia mawe mpaka bega likaniuma. Alinitazama tu, anatafuna."

"Hata sisi hakutusikia."

Wakacheka, wote wawili, wakashangaa kwamba wamecheka. Kisha Annie akaweka kikombe kwenye nyasi.

"Wanataka ukaseme nini huko?"

"Kwamba mwaka ule kulikuwa na amani."

Annie aligeukia uwandani. Upepo uliinamisha maua na kuyainua. "Mume wangu walimpiga risasi mwaka ule, mtoni, akiwa amembeba mama yake mgongoni. Kama ilikuwa amani, waambie wanirudishie."

Akachukua kijiti chake akaenda kuchimba. Permelia alibaki na glavu moja mkononi, na jua lilipogeuka hakuwa amepata hamu ya kuvaa ya pili.

Ushahidi ulichukuliwa mjini Hailey, kwenye jengo la mahakama la wilaya, chumba cha juu chenye jiko la chuma na madirisha yaliyokwama. Alikuwepo kamishna wa kiapo, mzee mwenye usingizi, karani, Haverty, na kijana mmoja aliyeitwa Whitlock, aliyetumwa kuitetea Serikali, mwenye mafua na leso isiyotoka mkononi. Watu wa Kijito cha Mierebi walijaa kwenye benchi la nyuma. Dorcas alikuwa amemkopesha Permelia boneti yake nyeusi.

Maswali ya Haverty yalikwenda vizuri. Farasi walikuwa wangapi, rangi gani, chapa gani. Nyumba ilikuwa na vyumba vingapi. Alijibu, na kadiri alivyojibu ndivyo nyumba ile ilivyosimama tena mbele yake, mpaka harufu ya mbao mpya, hata akasahau kidogo aliko.

"Na kabla ya tukio hili," Haverty akasema, "mliishi vipi na Wabannock?"

"Vizuri tu. Walipita. Tulibadilishana vitu."

"Kwa amani?"

"Kwa amani."

Benchi la nyuma likashusha pumzi. Haverty akaketi.

Whitlock alisimama, akapenga kamasi, akaomba radhi. Hakuwa na sauti tamu. Alikuwa na macho mekundu ya mtu anayetaka kwenda kulala.

"Bi Stroud, una ndugu?"

"Nina dada Oregon."

"Wa kiume?"

Haverty aliinuka. "Swali hilo halihusiani na farasi."

"Ajibu," kamishna alisema bila kufumbua macho.

"Nilikuwa naye," Permelia akasema. "Jubal Teague."

"Alikufa?"

"Alikufa."

"Alikufaje, mama?"

Permelia alihisi boneti ya Dorcas ikimbana kidevuni. Aliona mkono wa Haverty mezani ukifunguka na kufumba polepole, kama mtu anayembembeleza farasi asishtuke. Orrin alikuwa mzigo shingoni mwake, na watoto wa Dorcas, na paa za majirani; na mbele yake kijana mgonjwa asiye na ubaya wowote akisubiri jibu. Hakukuwa na mlango upande wowote. Karani akainua kalamu akauliza, "Niandike nini, mheshimiwa?"

"Andika," Permelia akasema, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyotaka, "andika kwamba ndugu yangu aliuawa vitani. Nimechonga mwenyewe kwenye ubao, siwezi kuja huku nikasema sikujua ninachochonga. Na mume wa yule mama wa Kibannock aliuawa vitani. Ilikuwa vita. Kila aliyekuwepo anajua ilikuwa vita."

Kalamu ikakwaruza. Whitlock akasema asante, akaketi, na hakuonekana kufurahi.

Kule ngazini Asa Lindley alimsubiri. "Umetuuza," alimwambia. "Hata bei hukutaja." Dorcas alinyoosha mkono, si kwa kumshika, bali kuchukua boneti yake.

Permelia alidhani ameshalipa, na kwamba sasa angalau amefunguka. Alimfuata Haverty hadi kwenye gari lake. "Lifute," alisema. "Limekufa. Nifutie dai langu niuze ardhi niende kwa dada yangu."

Haverty hakukasirika. Hilo ndilo lililomvunja moyo. "Hujui sheria, Bi Stroud, na hilo si kosa lako. Halijafa. Ipo hoja nyingine: vita vilikuwa vya muda, amani ikarudi, na mkataba ukabaki palepale. Yuko mtu mwenye shauri la namna hiihii. Limekataliwa kule kwenye Mahakama ya Madai, nalo limepanda Mahakama Kuu ya nchi. Akishinda yeye, mmeshinda nyote. Tunasubiri."

"Mimi sitaki kusubiri."

"Dai si lako peke yako. Soma ulichotia sahihi."

"Sikutia sahihi mimi. Alitia Orrin."

"Na wewe ni mrithi wake," Haverty akasema, akavuta hatamu.

Basi akarudi shimoni, safari hii akiwa peke yake kweli. Wakati wa kukata nyasi, watu wa uwandani walikwenda boma kwa boma wakisaidiana, wakaruka lake. Kanisani benchi lake lilikuwa na nafasi pande zote mbili. Dukani mazungumzo yalikatika akiingia, na mtu mmoja, hakumwona ni nani, alisema nyuma ya mapipa, "Muulizeni Mama Amani kama theluji itaanguka." Wakacheka. Jina la neno lile alilolikataa likamganda. Wanaume walioketi miaka yote mezani kwa Orrin wakamwita Mama Amani hadharani, na kuni ambazo Asa alikuwa akimletea kila mwisho wa kiangazi hazikuletwa.

Baridi hiyo kuni zake ziliisha mapema. Mchana mmoja mweupe, upepo ukivuma, alichukua shoka, akavuka theluji hadi kwenye boriti zilizoungua, akasimama mbele yake. Hakuwa amewahi kuzigusa. Orrin alikuwa akizipangusa theluji kwa ufagio kama anayehudumia madhabahu. Akainua shoka akapiga. Ikarudi sauti kavu, basi. Hakuna aliyekuja, hakuna aliyemkataza, Washington haikutikisika. Akapiga hadi mikono ikawa myeusi, akaburuta vipande hadi handakini. Kuni zile ziliwaka vibaya, zikatoa moshi mchungu, lakini zilimpitisha hadi masika. Alilia siku ya kwanza tu, na hata hapo hakuweza kujua kama ni kilio au ni moshi.

Annie hakuja kiangazi kilichofuata, wala cha baada yake. Permelia alimuuliza mchuuzi mmoja wa Kibannock, akaambiwa karani mpya hatoi ruhusa.

Habari ilifika mwaka wa 1896. Mwenye duka la njia panda ndiye aliyesoma gazeti kwa sauti, amesimama juu ya kreti, na watu wamejaa hadi barazani. Permelia alikuwa amekuja kununua chumvi. Hakuna aliyemfukuza wala kumpisha.

Mahakama Kuu ilikuwa imesema maneno machache. Mahakama ya Madai haina nguvu ila zile ilizopewa na Bunge. Bunge liliipa mamlaka juu ya mali iliyochukuliwa na kabila lenye amani. Siku mali ya mtu yule ilipochukuliwa, kabila lilikuwa vitani. Kwamba mkataba uliandikwa kabla, au kwamba amani ilirudi baadaye, hakugeuzi kitu. Kwa hiyo mahakama ile haikuwa na haki ya kulisikiliza shauri, hata kama kila neno la mdai lilikuwa kweli.

"Maana yake nini?" mtu aliuliza.

"Maana yake," mwenye duka akasema akikunja gazeti, "hawasemi hukuibiwa. Wanasema umebisha mlango usiofunguka. Na mlango mwingine hakuna."

"Miaka yote hii!" Asa akasema. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena, kama aliyesahau hutumiwaje. Mzee mmoja aliyekuwa ameacha zizi lake bila paa tangu mwaka wa vita, akisubiri mkaguzi wa pili, aliketi sakafuni palepale kati ya mapipa. Hakuna aliyemcheka.

Dorcas alimkuta Permelia nje, akifunga chumvi kwenye tandiko.

"Kwa hiyo hata ungesema amani," Dorcas akasema, "tungeshindwa tu."

"Tungeshindwa. Vita vyenyewe vimo kwenye vitabu vyao."

"Basi ulisema kwa nini? Ulipata nini?"

Permelia alifikiri. Angependa kuwa na jibu la maana kumpa. "Niliulizwa," akasema.

Dorcas alitikisa kichwa. Hakuomba radhi, wala Permelia hakungoja. Lakini alipopanda, Dorcas alimshikia farasi hatamu, na hiyo nayo ilikuwa kitu.

Haverty hakuonekana tena uwandani. Alikuja mtu wake, mpole, akaeleza kuhusu gharama. Malisho ya kijito yakaenda, na kilima, na handaki lenyewe. Dada wa Oregon alikuwa ameshafariki, na bustani ya matufaha ilikuwa ya wakwe waliomjua kwa jina tu. Permelia alipakia kitanda, sufuria na ubao wa kaburi la Jubal, akaacha jiwe mahali pake. Asa akampeleka kwa gari lake hadi Shoshone, mji wa reli, wakisema habari za mvua njia nzima.

Huko alipata kazi ya kupikia wanareli kwenye nyumba ya wageni. Jiko lilikuwa na madirisha mawili, na wiki za mwanzo jua lilimwumiza macho akawa anapika ameyapa mgongo. Ulimi wake ulirudi kidogo kidogo. Wanareli walimwogopa na kumpenda, na mtu akiacha chakula kwenye sahani alihojiwa kama mwizi.

Miaka michache baadaye aliketi mezani kijana mgeni mwenye mkoba. Aliwaambia waliokuwa naye kwamba ni wakili, na kwamba yuko njiani kukusanya watu wenye madai ya zamani, ya vita. Bungeni kulikuwa na muswada, alisema. Neno lile, amani, lingefutwa. Mashauri yote yaliyokataliwa yangefunguliwa tena.

Permelia alikuwa amesimama nyuma yake na bakuli la viazi.

"Na mtu," alisikia sauti yake ikisema, "angetakiwa aape nini?"

Kijana aligeuka, akamtazama mpishi mwenye nywele nyeupe na aproni, akatabasamu. "Karibu hakuna kitu, mama. Sahihi tu. Una dai?"

Mezani walimgeukia. Kitu kama tumaini kilimpanda Permelia, kile kile alichokiona machoni mwa Orrin kila Haverty aliposhuka garini, na kilikuwa kitamu. Miguu yake ilikwishaanza kuhama kuelekea kwenye kiti kilichokuwa wazi.

"Viazi vinapoa, bwana," akasema. Akamwekea vingi, akaweka bakuli mezani, akaingia jikoni. Alisukuma komeo la mlango. Akasimama hapo akiwa ameushikilia, akiwasikia wakicheka na kugonga vijiko, mpaka treni ya magharibi ilipopiga filimbi, na mkoba, na kijana, na koti lake vikaondoka.